Kibao cha Riziki: shaba ya sinia, bati la lori na bawaba ya valizi

KINDU, Zaire – Saa moja kasoro asubuhi, mlango wa duka bado umefungwa. Riziki Wabiwa anainama chini ya meza, anapapasa betri ya gari, anakaza nyaya kwa vidole, kisha anawasha fonie, redio ya kuzungumza na vituo vya mbali. Redio inakohoa. Mvumo unajaa chumba, na ndani ya mvumo huo, mbali kabisa, kuna mtu anaita.

"Kindu, Kindu. Kama anaita. Unanipata?"

"Nakupata, Kama. Leta."

Mgeni anayemtazama mara ya kwanza hapa ndipo hukodoa macho. Riziki haoni, hajaona tangu utotoni. Hata hivyo sauti kutoka Kama, mji wa machimbo, inaposema chumvi imekwisha, lori la kwanza lilete chumvi na sabuni, na mke wa fulani amejifungua salama, mikono ya Riziki haitulii. Mbele yake kuna kibao kidogo cha chuma kinachoingia mfukoni, chenye pande mbili zinazofunguka kama kitabu. Kati ya pande hizo ameweka karatasi nzito, na kwa kalamu isiyo na wino anaichoma: ta-ta, ta, ta-ta-ta.

Mtu wa Kama akinyamaza, Riziki anafungua kibao, anapindua karatasi, anapitisha kidole na kusoma yote kwa sauti, hakuna lililodondoka.

"Njo vile?" anauliza, yaani ndivyo hivyo?

"Njo vile, mama. Terminé, imekwisha."

Kibao hicho hakikununuliwa. Hakiuzwi Kindu, wala hakuna duka lolote kati ya hapa na Kisangani ambalo lingejua unaulizia nini. Kilitengenezwa hapahapa mtaani Kasuku kwa vipande ambavyo Riziki alivichagua kimoja kimoja sokoni kwa vidole na masikio. Na usije ukamwonea huruma. Kwanza hana muda wa kuipokea, pili atakucheka.

Riziki ana umri wa miaka thelathini na sita. Alizaliwa upande wa Pangi, surua ikamchukua macho kabla hajaanza shule. Mjomba wake alimpeleka Bukavu, kwa masista waliofundisha watoto wasioona, na huko alijifunza Kifaransa, kufuma, na nukta nundu, yale maandishi ya nukta zilizoinuka ambayo husomwa kwa ncha ya kidole. Kitambulisho chake kinasema Riziki, kama inavyotaka sheria ya nchi inayokataza majina ya Kizungu. Nyumbani mama yake bado anamwita Adolphine, ila mlango ukiwa umefungwa.

Kazi ya fonie aliipata kwa Mama Mbambu, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye duka la vitu mchanganyiko hatua chache kutoka sokoni. Mama Mbambu ana depo, ghala la bidhaa, huko Kama, kwenye wachimbaji wa dhahabu, na bila fonie hawezi kujua kama lori lake limefika au limelala matopeni. Redio ilipokuwepo, watu nao wakaja. Mchimbaji anataka kumsalimia mkewe, mke anataka kumwambia mumewe mtoto ameanza kutembea. Wote wanapita kwa Riziki, na ujumbe ukifika, yeye na mdogo wake Adèle hutembea mtaa kwa mtaa kuupeleka.

"Sikio yake," anasema Mama Mbambu, "inaingia ndani ya kelele na kutoa muntu. Mie nasikia tu mvua. Yeye anasikia jina."

Kwa miaka mingi Riziki hakuandika chochote. Kibao alichopewa na masista alipomaliza shule kilizama katika mto Lualaba siku ileile aliyorudi nyumbani, mtumbwi ulipoegemea upande karibu na gati ya Alunguli. Aliokolewa yeye, kibao kikaenda. Basi ujumbe wote akawa anauweka kichwani, na kichwa hicho kikapata sifa. Wanawake sokoni walikuwa wakimjaribu kwa kumpa majina ya ukoo mzima, naye anawarudishia bila kuruka hata moja.

"Nilijivuna," anasema. "Watu walinisifu, na mie nikakubali. Nikaona karatasi ni ya watu wenye kusahau."

Halafu ikaja ile wiki ya mwaka jana ambayo betri ilikufa.

Fonie ilinyamaza siku kadhaa. Ilipoamka, Kama ilimwaga kila kitu kilichokuwa kimejikusanya, ujumbe juu ya ujumbe, bila kupumua. Riziki alipokea wote. Alitoka na Adèle, akaugawa wote. Kwa Odile, mke wa mchimbaji aitwaye Musafiri, alipeleka habari njema kwamba mumewe anakuja Jumamosi. Kwa Jeannette, anayeuza mafuta ya mawese, alipeleka habari mbaya: mumeo ameumia, njoo upesi na dawa.

Ilikuwa kinyume. Jeannette alivuka mto, akapanda lori, akalia njia nzima. Alipofika Pangi akamkuta mumewe ameketi kwenye lori la kuja Kindu, mzima, anakula ndizi. Mume huyo ndiye aliyemwambia nani kaumia hasa: fataki ya kupasulia mwamba, iliyochelewa kulipuka, ilikuwa imemlipukia Musafiri usoni.

Jumamosi hiyo Odile alikuwa amekopa kuku kwa jirani. Alisubiri mpaka jioni, na Jumapili akasubiri tena. Jeannette aliporudi na habari ya kweli, Odile alikwenda moja kwa moja dukani. Waliokuwepo wanasema hakupiga kelele. Alisimama mbele ya meza ya fonie.

"Ulisema anakuja," alimwambia Riziki. "Nilimupikia."

Akaenda Kama. Alirudi na Musafiri amefungwa kitambaa machoni, na macho hayakurudi. Muuguzi aliyempokea alisema wazi kwamba yalikuwa yamekwenda tangu siku ya fataki, hata kama Odile angefika kesho yake. Riziki alipewa maneno hayo na watu wengi, kwa nia njema.

"Waliniambia hivyo, na mie nakubali," anasema. "Macho si yangu. Lakini zile siku alilala kule na maumivu, anamuita Odile, bibi yake, bibi hakuji. Zile njo zangu."

Mama Mbambu si mtu wa kuzunguka. Alimwita Riziki nyuma ya duka, kati ya magunia, akamwambia kuanzia sasa kila neno la fonie litakuwa kwenye karatasi. Kama Riziki hawezi, kuna mpwa wake Constantin, ameshamaliza shule Butembo, atakuja na lori lijalo na atakaa mezani pale. Riziki atapewa kazi nyingine, kupanga mitumba labda.

"Nilimupenda, lakini watu wanaweka maisha yao ndani ya ile redio," anasema Mama Mbambu. "Ningefanya nini?"

Lori la Butembo linaweza kufika baada ya wiki mbili, linaweza kufika baada ya mbili nyingine. Ulikuwa msimu wa mvua. Wafanyabiashara wote wa Kasuku walikuwa wakilaani barabara, na katika mji mzima alikuwepo mwanamke mmoja tu aliyeomba izidi kuharibika.

Kibao cha nukta nundu ukikitazama harakaharaka utasema ni kitu chepesi. Upande wa chini ni bamba lenye vishimo vidogo, sita kwa kila herufi. Upande wa juu ni bamba lenye madirisha, dirisha moja kwa herufi moja. Karatasi inakaa katikati, kalamu inashuka kupitia dirishani, inasukuma karatasi ndani ya kishimo, na upande wa pili inatokea nukta. Unaandika kutoka kulia, unapindua, unasoma kutoka kushoto. Ni hayo tu. Lakini bamba likicheza, au kishimo kikikaa vibaya, nukta inakwenda pasipo pake na herufi inakuwa nyingine.

"Na mie nilishajua herufi moja kwenda pasipo pake inaleta nini," anasema Riziki.

Akaanza na bamba la chini. Adèle, ambaye anachagua kwa macho na anapenda vinavyong'aa, alimletea kipande cha bati jipya la nyumba. Riziki alikipiga kwa ukucha, akasikiliza, akakirudisha. Bati lina sauti ya juu kama mtu mwenye haraka: ni jembamba, ukiligonga kishimo linatoboka, na jasho la mkono litalitia kutu kabla mwaka haujaisha. Adèle akaleta mkebe wa maziwa ya unga. Huo ulijipinda mkononi. Akaleta kitako cha sufuria kuukuu, na hapo Riziki alisita, maana aluminiamu ni tamu kuchonga. Akaibonyeza kwa pini ya nywele. Ikakubali upesi mno.

"Chuma yenye kukubali upesi inachoka upesi," alimwambia mdogo wake. "Vishimo vitapanuka. Mwaka ujao nitakuwa naandika uji."

Walichokitafuta walikipata kwa Mama Hawa, anayeuza vitu vya zamani karibu na msikiti: taa zisizo na chimni, kufuli zisizo na funguo, birika za shaba za mababu. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na sinia ya shaba ya njano, imepasuka ukingo, ambayo bibi yake Hawa aliitumia kupakulia wali wa harusi. Riziki aliiweka juu ya magoti, akaipitishia kiganja chote, polepole, kama mtu anayetafuta homa kwenye paji la mtoto. Aliipiga ukucha. Sauti ilikuwa nene, ikakaa.

"Hii," alisema.

Mama Hawa alikataa. Sinia ya harusi haikatwi. Riziki hakubembeleza. Alieleza kibao ni cha nini, akaeleza na habari ya Odile na kuku, bila kujiondoa. Mama Hawa akauliza kama kitakatwa upande wa ufa au upande wa maua. Riziki akasema upande wa ufa. Sinia iliyobaki bado iko pale kwa Hawa, na ukimuuliza kwa nini ina pembe iliyonyooka, jiandae kusimama muda mrefu.

Bamba la juu lilitakiwa liwe gumu kuliko la chini, maana madirisha hulika na kalamu kila siku. Hilo lilitoka kwa dereva mmoja wa Kasuku, aliyekuwa na bati la namba la lori lililokufa huko njia ya Kama. Riziki alicheka alipolishika: tarakimu zake zilikuwa zimeinuka, akazisoma kwa kidole moja baada ya nyingine, kisha akaonyesha sehemu tupu pembeni. "Kata hapa. Namba achieni lori."

Kwenye bawaba ndipo Adèle alipokata tamaa. Dada yake alishika bawaba za masanduku, za madirisha, za kabati. Kila moja aliisogeza karibu na sikio, akaifungua na kuifunga, akatikisa kichwa. Bawaba inayocheza, hata kwa unene wa unywele, inafanya dirisha lisikutane na vishimo vyake. Mwishowe akachagua ya valizi, sanduku la safari la Kizungu lililooza ngozi, ndogo, nzito kidogo kufunguka.

"Wauzaji walisema huyu mama ananunua bawaba ama anaiposa?" anasema Adèle.

Kwa kalamu walijaribu msumari, ukawa laini; walijaribu sindano ya fundi viatu, ikatoboa karatasi badala ya kuinua nukta. Spoki ya baiskeli ilinesa. Spoki ya pikipiki haikunesa. Ilikatwa fupi, ncha ikaviringwa kwa tupa, ikapigiliwa kipini cha mti wa mpera kilichokaa vizuri kiganjani. Karatasi ni ya mfuko wa saruji, ile ya ndani isiyoshika vumbi. Inashikilia nukta vizuri, na hakuna anayeililia.

Vipande vyote akavipeleka kwa Thaddée. Hilo ndilo jina ambalo mtaa unamwita fundi huyu, mzaliwa wa Kailo, mwenye mvi na mikono mipana, anayetengeneza baiskeli, pasi za mkaa na masanduku nyuma ya soko. Alisikiliza, akauliza maswali mawili matatu, akasema aachiwe.

Akafanya kazi nzuri. Kila aliyeiona aliisifu: kingo zimelainishwa, ribiti zimekaa, bawaba haichezi. Lakini Riziki alipoandika neno la kwanza, akapindua karatasi na kuweka kidole, uso ulibadilika.

Thaddée alikuwa amekuza herufi. Alipoonyeshwa ukubwa unaotakiwa, aliona ni nukta ndogo kama mbegu za mchicha, akahurumia.

"Nilifikiri, muntu haoni, nimusaidie," anasema fundi, na hata leo anasema bila kujuta sana. "Sawa vile unaandikia muzee barua. Unaandika kubwa-kubwa."

Kosa hilo lingeweza kufanywa tu na mtu mwenye macho na mwenye moyo mzuri. Jicho hupenda herufi kubwa. Kidole kinataka herufi nzima ienee chini ya ncha yake mara moja, bila kutembea.

"Papa Thaddée," Riziki alimwambia, "umenijengea uwanja. Kidole yangu inaingia ndani ya herufi moja inapotea. Ni sawa wakubandike barua kwenye pua, halafu wakuambie soma."

Fundi alikasirika. Alikuwa ameacha kazi za wateja wengine, alikuwa ametumia nusu ya shaba, na sasa mtu anamwambia kazi si kazi. Alimwambia avichukue vyuma vyake. Walikaa bila kusemezana mpaka Salongo, kazi ya lazima ya usafi, ya Jumamosi iliyofuata, walipokutana mtaani kwenye kusafisha mitaro, fundi na jembe, Riziki na ufagio, wakasalimiana kwa sababu ingekuwa aibu kutosalimiana mbele ya watu.

Jumatatu Riziki alirudi. Mkononi alikuwa na ukurasa mmoja tu aliobaki nao kutoka Bukavu. Ulikuwa ukurasa wa adhabu: sista alimkuta anaongea darasani, akamwamuru aandike mistari na mistari ya é ya Kifaransa, herufi inayotumia nukta zote sita. Alikaa kwenye kigoda cha fundi, akachukua kidole cha Thaddée, akakiburuta juu ya mistari hiyo.

"Hapa hakuna kitu," alisema Thaddée.

"Kiko."

"Nasikia karatasi tu."

Riziki akakigeuza kidole hicho, akakibonyeza. Ngozi ilikuwa sugu tupu, imeivishwa na nyundo na moto wa miaka. Akaanza kucheka. "Vidole yako ilishakufa, papa." Akamwekea karatasi aliyoiandika kwa kile kibao cha nukta kubwa. Thaddée akapapasa, akapapasa tena, na safari hii aliinamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Hii nasikia. Moja, mbili… hii nasikia yote."

Hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo siku ile. Walikuwa na haraka. Ukurasa wa adhabu ulibandikwa kwa uji wa muhogo juu ya shaba iliyobaki, na Thaddée akapiga msumari juu ya kila nukta, mmoja baada ya mwingine, Riziki akiwa kando, akikagua kila mstari kwa ncha ya kalamu. Kipande kilichobaki cha bati la lori kikachongwa madirisha mapya, na valizi ikatoa bawaba yake ya pili. Kazi ilipoisha ukurasa ulikuwa umekuwa matundu matupu.

"Ile adhabu njo ilinipa kazi," anasema Riziki. "Sista angejua angeniongezea."

Lori la Butembo lilifika na matope mpaka kwenye madirisha, na Constantin juu ya magunia. Mama Mbambu hakutaka maneno. Alisimama nyuma ya Riziki asubuhi nzima, akimsikiliza anachoma karatasi, kisha akachomoa moja katikati ya rundo, akampa.

"Hii inasema nini?"

Riziki akaisoma. Akapewa nyingine, ya katikati zaidi. Riziki akaisoma. Mama Mbambu akaishika karatasi juu kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku.

"Lakini mie siwezi kuisoma."

"Na mie zako siwezi, Mama Mbambu. Na umeniachia redio miaka yote."

Mama Mbambu ndiye anayesimulia sehemu hii, na kila akifika hapo anacheka mpaka anashika meza. Constantin anauza vitambaa upande wa mbele. Ni kijana mwenye adabu, anasema fonie ina makelele sana.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na ingetosha. Mshahara wa Riziki bado ni ule ule, nao unakwisha upesi kama wa kila mtu. Lakini kuna kibao kile kikubwa, kilichokuwa kimewekwa juu ya rafu kwa Thaddée karibu na mkebe wa ribiti.

Musafiri alikuwa amekaa nyumbani kwa Odile tangu aliporudi kutoka Kama. Alikuwa hatoki. Riziki alikwenda kumwona Jumapili moja, akiwa hana uhakika kama atafunguliwa mlango. Odile alifungua. Riziki aliomba amshike mkono mume wake, na alipoushika akausikia mkono wa mtu aliyeponda mawe miaka kumi: vidole vigumu kama vya Thaddée, pengine zaidi. Alikuwa ametembea na kibao chake mwenyewe mfukoni, akijua moyoni kwamba mikono ya namna ile haitasikia kitu. Kumbe njiani kurudi ndipo wazo lilipomjia. Hakwenda nyumbani. Alimwambia Adèle wapite kwa fundi.

"Nilimukuta anakula," anasema. "Nikamuambia, papa, ile kazi yako mbaya iko wapi? Akaniambia, haikuwa mbaya, ilikuwa inangoja muntu yake."

Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya misa Riziki alikuwa kwa Odile. Musafiri mwanzoni alisema yeye alikuwa hasomi sana hata alipokuwa na macho. Alirusha kibao mara moja, kikagonga ukuta. Bawaba haikucheza. Siku alipotambua jina la binti yake chini ya kidole, Odile anasema, aliomba karatasi ile asinyang'anywe, akalala nayo.

Sasa tuko mwezi Oktoba, 1986. Kijana anayeshika fonie ya depo huko Kama anataka kurudi kwenye dhahabu. Anasema kukaa kunamuumiza mgongo. Riziki ana mpango, na ameusema kwa Mama Mbambu waziwazi: nafasi hiyo apewe Musafiri. Anaijua Kama, anamjua kila mchimbaji kwa sauti. Riziki anataka kila ujumbe kati ya miji hii miwili uandikwe pande zote, usomwe pande zote, usibaki tena kichwani mwa mtu yeyote.

"Hata kichwa yangu," anasema. "Hasa yangu."

Mama Mbambu ameweka sharti moja. Musafiri ameshakwenda Kama kwa kaka yake, kibao kikubwa mfukoni. Leo alasiri atapokea ujumbe peke yake kwenye fonie, ataandika, na atausoma, yeye mwenyewe, bila kusaidiwa neno.

Saa tisa duka limejaa. Wengine wamekuja kununua, wengi wamekuja kusikiliza. Thaddée amesimama mlangoni na aproni yake ya ngozi. Odile yuko mbele, karibu na meza, maana Riziki amesema ujumbe wa majaribio lazima uwe wa kweli, na amemwachia yeye autunge kwa mumewe. Odile amemnong'oneza, na Riziki anausema hewani, taratibu, mara moja tu.

"Andika, Kama. Halafu usome."

Mvumo. Hakuna sauti. Mtu mmoja nyuma anauliza kama betri imekufa tena. Mwingine anataka tu sabuni yake ili aende. Riziki ameketi wima, mikono miwili juu ya meza, haigusi kalamu. Anaujua ujumbe, angeweza kumdokezea neno la kwanza. Hamdokezei.

Mvumo unaendelea. Mteja wa sabuni anaanza kulalamika kwa sauti.

"Subiri," anasema Mama Mbambu, na duka lote linanyamaza. "Muntu iko anasoma."

Kisha kutoka mbali, ndani ya kelele, sauti ya mwanamume inakuja, neno moja, inasimama, neno jingine.

"Na… kuja… Jumamosi." Inasimama tena, muda mrefu. "Wewe… usipike. Nitapika… mie." Inapumua, kisha inasoma jina la mtumaji. "Odile."

Riziki anasukuma mikrofoni upande wa Odile.

"Kama anauliza," anamwambia. "Njo vile?"

Odile anainama, anakaribia mno, kama wafanyavyo wote wasioizoea.

"Njo vile, papa Musafiri," anasema. "Safari hii njo vile."